Fedha za mtoto maskini zinapogeuka hesabu za karatasi

Kufikia tarehe 31 Desemba kila mwaka, shule za serikali nchini England zinazopokea ruzuku ya Pupil Premium, yaani fedha za ziada kwa ajili ya watoto maskini, hutakiwa ziwe zimeweka kwenye tovuti zao waraka wa mkakati. Waraka unaeleza shule ina wanafunzi wangapi, wangapi kati yao wanatoka familia maskini, imepewa kiasi gani, inakusudia kukitumiaje, na cha mwaka uliopita kilizaa nini. Hauna siri. Mzazi anaweza kuusoma, mkaguzi anaweza kuusoma, na mwandishi wa makala mwenye subira anaweza kusoma za shule nyingi mfululizo mpaka zianze kumchanganya, kwa jinsi zinavyofanana. Msamiati finyu, mahudhurio hafifu, wasiwasi na msongo wa mawazo. Kisha inafuata orodha ya vitu vilivyonunuliwa, na kila kitu kimepewa bei yake.

Naiona ruzuku hii kuwa miongoni mwa sera bora za elimu zilizobuniwa katika karne hii. Kinachoidhoofisha ni swali ambalo wakubwa hawachoki kuliuliza: pesa ya mtoto huyu imemfanyia nini mtoto huyu? Linasikika kuwa swali la haki kabisa. Lakini shule ikishaanza kuliishi, hujikuta inanunua vile vinavyoonekana na kuhesabika, na kuviacha vile vinavyomfundisha mtoto kusoma.

Kwanza mpango wenyewe. Ulianza Aprili 2011, wakati wa serikali ya mseto ya Conservative na Liberal Democrats. Liberal Democrats, chama cha Nick Clegg aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu, walikuwa wameuweka kwenye ilani yao ya uchaguzi wa 2010. Wazo lake halina makuu: mtoto maskini aingie shuleni na kiasi chake juu ya bajeti ya kawaida, ili shule isimwone kuwa mzigo, na mwalimu mkuu aamue mwenyewe namna ya kukitumia. Mwaka wa kwanza kiwango kilikuwa pauni 488 kwa kila mwanafunzi anayestahili. Mwaka wa fedha wa 2014-15 shule za msingi zilipandishiwa hadi pauni 1,300 huku sekondari zikibaki kwenye 935, na tangu hapo msingi zimeendelea kupata zaidi. Mwaka 2025-26 kiwango kilikuwa pauni 1,515 kwa msingi na 1,075 kwa sekondari, na mtoto anayelelewa chini ya dhamana ya halmashauri alitengewa 2,630. Kwa nchi nzima, ruzuku ilifikia takriban pauni bilioni 2.9 mwaka 2024-25. (Scotland na Wales zina mipango yao; ninayoyasema hapa ni ya England.)

Kuzipendelea shule za msingi ulikuwa uamuzi sahihi. Pengo kati ya mtoto wa familia maskini na mwenzake huwa limeshaanza kabla hata hajavaa sare, na kila mwaka unaopita huongeza gharama ya kuliziba. Mtoto asiyesoma kwa ufasaha akiwa na miaka saba hakosi somo la kusoma peke yake. Hukosa historia, hukosa sayansi, hukosa hata maelezo ya swali la hesabu.

Sasa chukua shule ya msingi ya wanafunzi 400, yenye 100 wanaostahili. Kwa kiwango cha 2025-26 itapata pauni 151,500. Ukijumlisha mshahara, pensheni na makato mengine ya mwajiri, hizo ni gharama za walimu watatu hivi walio mwanzoni mwa kazi. Si haba, wala si utajiri. Shule ya kijijini yenye watoto sita wanaostahili itapata 9,090, ambazo haziajiri mwalimu. Basi itanunua vitabu, italipia safari ya kwenda makumbusho na saa chache za mwalimu msaidizi, halafu mwishoni mwa mwaka itatakiwa ieleze kwa uzito ule ule jinsi fedha hizo zilivyobadili maisha ya watoto hao sita. Takwimu za watoto sita hazimwambii mtu kitu, lakini waraka lazima ujazwe.

Anayestahili ni nani? Kigezo kikuu ni chakula cha mchana cha bure. Tangu 2012-13, mtoto yeyote aliyewahi kuandikishwa kustahili chakula hicho katika miaka sita iliyopita huingia kwenye hesabu. Na ili familia inayopokea msaada wa serikali uitwao Universal Credit istahili, kipato chake cha kazi baada ya makato kisizidi pauni 7,400 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa Aprili 2018 na kuachwa vile vile mwaka baada ya mwaka huku bei za kila kitu zikipaa. Mama anayefanya usafi ofisini kwa saa chache na kupata pauni 8,000 yuko nje ya mstari, na mwanawe pia.

Juu ya hapo kuna mkasa wa fomu. Septemba 2014 serikali ile ile ya mseto ilianza kuwapa chakula cha bure watoto wote wa madarasa matatu ya mwanzo, tajiri kwa maskini. Jambo jema. Lakini mzazi ambaye mwanawe anakula bure tayari hana tena sababu ya kujaza fomu ya kuthibitisha umaskini wake, na fomu isipojazwa ruzuku haiji. Ndiyo maana karani wa ofisi ya shule ya msingi huwa mtu muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ndiye anayewasubiri wazazi getini, anayepiga simu, anayejaza fomu pamoja na mzazi ambaye Kiingereza kinampa taabu, anayemhakikishia baba mwenye haya kwamba siri yake itatunzwa. Fomu moja ina thamani ya pauni elfu moja na mia tano, na yaweza kurudiwa mwaka hadi mwaka. Meya wa London, Sadiq Khan, alipoanza Septemba 2023 kugharimia chakula cha watoto wote wa shule za msingi za serikali jijini humo, kazi hiyo ya makarani ikapanuka hadi madarasa ya juu. Kumwandikisha mtoto moja kwa moja kwa kutumia kumbukumbu ambazo serikali inazo tayari kungemaliza shida hii, na baadhi ya halmashauri zimeshafanya hivyo kwa jitihada zao. Kwa nini lisifanywe kwa nchi nzima tangu siku ya kwanza? Jibu sijapata kulisikia likanitosha.

Turudi kwenye matumizi. Mwaka mmoja na miezi michache baada ya mpango kuanza, Septemba 2012, idara ya ukaguzi ya Ofsted ilitoa taarifa iliyoonyesha kwamba ni mkuu wa shule mmoja tu katika kila kumi aliyesema ruzuku ilikuwa imebadili kwa kiasi kikubwa namna anavyowasaidia wanafunzi maskini. Wengi walikuwa wameichanganya na bajeti na kuendelea na yale waliyokuwa wakiyafanya. Wakubwa walikasirika, na walikuwa na haki. Dawa waliyochagua ikawa uwajibikaji wa karatasi: taarifa mtandaoni, wakaguzi kuuliza, bodi za shule kuteua mjumbe wa kufuatilia ruzuku. Ndipo zikazaliwa zile jedwali ndefu zenye jina la kila mtoto na kila senti yake. Kwenye ramani za ukaaji darasani majina ya watoto hao yakawekewa alama. Kuna shule zilizowaagiza walimu wasahihishe madaftari ya watoto wa ruzuku kabla ya mengine, kana kwamba mwalimu wa saa tatu usiku ni yule yule wa saa moja, na anayesahihishiwa mwanzo lazima apate sahihisho bora.

Kilichonunuliwa zaidi kilikuwa walimu wasaidizi, na sababu ziko wazi. Msaidizi huajiriwa kwa mshahara mdogo kuliko wa mwalimu, huonekana, na ni rahisi kumwandika: saa kumi kwa wiki, watoto sita, pauni kadhaa. Ila ushahidi ulikuwa umeshatoka kabla ruzuku haijazaliwa. Mwaka 2009 watafiti wa Institute of Education ya London, Peter Blatchford na wenzake, walichapisha matokeo ya utafiti mkubwa kuhusu wasaidizi hao. Walikuta kwamba wanafunzi waliopata msaada mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa kiwango kile kile waliopata msaada kidogo. Matokeo yalibaki hivyo hata baada ya kuzingatia walikoanzia na mahitaji yao maalumu.

Wapo walioyageuza matokeo hayo kuwa lawama kwa wasaidizi. Hawakuusoma utafiti. Tatizo lilikuwa mpangilio. Mtoto anayehitaji mwalimu kuliko wote alikuwa anaondolewa kwa mwalimu na kupelekwa kwenye meza ya pembeni, akakae na mtu ambaye hakufundishwa kufundisha somo hilo, ambaye aliambiwa somo linahusu nini wakati kengele inalia, na ambaye kazi yake ilipimwa kwa kuona kama zoezi limekamilika. Basi alilikamilisha, mara nyingi kwa kumpa mtoto jibu. Mwalimu mwenye shahada akabaki na wale ambao wangeelewa hata bila yeye.

Wasaidizi wale wale wakipangwa vizuri, hadithi hubadilika. Mfano ninaoupenda ni mpango wa Nuffield Early Language Intervention, unaowalenga watoto wa darasa la awali wenye lugha ya mazungumzo dhaifu. Huchukua wiki 20. Msaidizi hupewa mafunzo, ratiba, vifaa na vipindi vifupi vya watoto wachache au mmoja mmoja, vya kusimulia, kusikiliza na kukuza msamiati. Majaribio yaliyogharimiwa na taasisi ya Education Endowment Foundation yalionyesha watoto wakipata maendeleo ya lugha sawa na takriban miezi mitatu ya ziada, na kuanzia 2020 serikali ikawa inaugharimia kwa shule zilizoutaka. Msaidizi ni yule yule kwa mshahara ule ule. Tofauti yote imo katika kile alichofundishwa afanye na katika dakika anazolindiwa ili akifanye.

Taasisi hiyo, maarufu kama EEF, ilianzishwa mwaka 2011 kwa fungu la serikali la pauni milioni 125, ili ichunguze kwa majaribio ya kweli nini kinamsaidia mtoto maskini na nini ni desturi tu. Imefanya kazi nzuri kuliko taasisi nyingi za aina yake duniani. Ushauri wake kwa shule una ngazi tatu, na wizara imeuweka ndani ya fomu ya mkakati inayotumika tangu 2021: kwanza ubora wa ufundishaji wa kila siku, halafu msaada maalumu wa kitaaluma kwa wanaohitaji, mwisho mambo ya nje ya masomo kama mahudhurio, tabia na ustawi. Ufundishaji umetangulia, na sheria za ruzuku zinaruhusu. Fedha hizi si akaunti ya mtoto mmoja mmoja. Shule inaweza kuzitumia kumfundisha mwalimu wa darasa la kwanza namna bora ya kufundisha kusoma kwa sauti za herufi, ingawa darasani mwake wamo pia watoto wa madaktari.

Ruhusa ipo, ujasiri ni haba. Jiweke kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Mjumbe wa bodi anauliza umewafanyia nini watoto maskini. Ukijibu, "Nimewatoa walimu darasani siku tano wakapate mafunzo, nikalipia mbadala, na kila wiki mtaalamu anawatazama wakifundisha," utaambiwa hayo ni ya watoto wote. Ukijibu, "Nimewanunulia kompyuta kibao ishirini," kikao kinaendelea na ajenda nyingine. Na mafunzo ya mwalimu yana kasoro nyingine kwa mtu wa mahesabu: matunda yake hayaji ndani ya mwaka wa fedha, na mwalimu mwenyewe anaweza kuhama nayo.

Marekani walipita njia hii kabla ya England. Fedha za Title I, zilizoanzishwa na sheria ya elimu ya 1965 kwa ajili ya shule zenye watoto maskini, zilifungwa na sharti la kuongeza juu ya bajeti, zisichukue nafasi yake. Sharti lenyewe ni zuri. Lakini njia rahisi ya kumthibitishia mkaguzi kwamba dola imemfikia mlengwa ilikuwa kumtoa mtoto darasani na kumpeleka chumba kingine, na kwa miaka mingi hivyo ndivyo ilivyofanyika kwenye shule nyingi. Akakosa somo la darasani ili apate somo la ruzuku. Baadaye sheria zikalegezwa. Ile ya 2001 iliruhusu shule ambayo asilimia 40 ya watoto wake ni maskini itumie fedha hizo kwa shule nzima, na ya 2015 ikaondoa ulazima wa kuthibitisha kitu kimoja kimoja. Miaka hamsini ilipita kati ya sheria ya kwanza na marekebisho hayo. England haikuwa na sababu ya kuanza mwanzo.

Nisieleweke vibaya kuhusu kifungua kinywa, sare na nauli ya safari za shule. Mtoto mwenye njaa hasomi, na mtoto anayebaki shuleni wenzake wakienda safari anajua kwa nini amebaki. Hayo lazima yafanyike. Shida ni pale yanapokuwa ndiyo mkakati wenyewe, kwa sababu ni rahisi kuyapiga picha.

Lakini hata mwalimu mkuu mwenye ujasiri wote anahitaji fedha ziwe za ziada kweli, na hapo ndipo wanasiasa wanapopenda kunyamaza. Katika kura ya maoni iliyofanywa kwa ajili ya shirika la hisani la Sutton Trust mwaka 2024, asilimia 47 ya viongozi wa shule walisema ruzuku hii hutumika kuziba mapengo mengine ya bajeti, kutoka asilimia 41 mwaka mmoja kabla. Hawaibi. Bili ya umeme imepanda, nyongeza za mishahara zimekuja bila fedha za kutosha za kuzilipa, mahitaji maalumu yameongezeka. Na ruzuku yenyewe imesinyaa: kutoka pauni 1,320 mwaka 2015-16 hadi 1,515 mwaka 2025-26 ni nyongeza ya asilimia 15 hivi katika muongo ambao bei zilipanda zaidi ya hapo kwa mbali. Serikali imemvisha mwalimu mkuu kanzu kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukimvua shuka, kisha inamtaka aandike waraka kuhusu kanzu.

Je, pengo limepungua? Kwa kipimo cha wizara cha mwisho wa shule ya msingi, ambacho sifuri humaanisha hakuna pengo, lilikuwa 3.34 mwaka 2011 na likashuka hadi 2.91 mwaka 2019. Kisha likaja janga la UVIKO, na mitihani iliporejea 2022 likawa 3.23. Kwa lugha ya darasani, mwaka 2019 asilimia 51 ya watoto maskini walifikia kiwango kinachotarajiwa katika kusoma, kuandika na hisabati kwa pamoja, dhidi ya 71 ya wengine. Mwaka 2024 zilikuwa 46 na 67. Anayesema ruzuku ndiyo iliyoshusha pengo hadi 2019 anadai kisichothibitika, maana mengi yalibadilika wakati huo huo. Anayesema kupanda kwake kunathibitisha kwamba ruzuku imeshindwa naye amesahau kwamba shule zilifungwa, na kwamba watoto waliofungiwa nyumbani hawakufungiwa kwenye nyumba zinazolingana.

Kuna ukweli mwingine ambao wastani huo unauficha. Kwa ruzuku hii, mtoto ambaye baba yake alipoteza kazi kwa muhula mmoja miaka mitano iliyopita ni sawa na mtoto ambaye hajawahi kuishi siku moja nje ya umaskini. Kwa mwaka 2025-26 kila mmoja alikuwa pauni 1,515. Chambuzi za taasisi ya utafiti ya Education Policy Institute zimeonyesha mara kadhaa kwamba watoto waliokaa kwenye umaskini muda mrefu wako nyuma zaidi ya maskini wengine, na kwamba kwao pengo limekuwa gumu kutikisika hata katika miaka ile ya nafuu. Shule zenye watoto wengi wa aina hiyo zinalipwa kwa kiwango kile kile cha shule ambazo umaskini wa watoto wao ulikuwa wa kupita.

Mlango wa kurekebisha hilo umefunguka bila kukusudiwa. Juni 2025 serikali ya Labour ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026 watoto wa familia zote zinazopokea Universal Credit watapata chakula cha bure, lakini ruzuku itaendelea kufuata kigezo cha zamani cha kipato. Kwa maneno mengine, sahani ya chakula na ruzuku vimetenganishwa, na wizara italazimika kuwa na njia yake yenyewe ya kumtambua mtoto maskini. Ingekuwa ni uamuzi wangu, ningeacha kigezo cha ndiyo au hapana na kupandisha kiwango kwa kila mwaka ambao mtoto amekaa kwenye umaskini, na fedha za kuanzia ningezichukua kwenye gharama za kujaza, kukagua na kuchapisha nyaraka za shule ambazo watoto wake wa ruzuku ni sita. Takwimu za kufanyia hesabu hiyo hazihitaji kutafutwa upya. Sensa za shule zimekuwa zikiandika, muhula kwa muhula, kila mtoto anayestahili chakula cha bure na tangu lini.